MAMA, HESABU SIKU ZAKO
Damu ya mwezi isiyokatika kwa wamama wanaokaribia kukoma hedhi

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wamama wengi hapa Dzaleka wanalijua lakini hawalitaji mbele za watu. Ni ile damu ya mwezi inayokuja nyingi kupita kiasi, au inayokaa siku nyingi, kwa mama ambaye umri wake umefika arobaini na kitu mpaka hamsini hivi.

Kwanza naomba ruhusa. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, umri wangu ni wa watoto wenu, na kwetu mtoto hasemi ovyo mambo ya mwili wa mama yake. Lakini wamama wenyewe, wanafunzi wetu wa masomo ya watu wazima, ndio walioomba iandikwe. Walisema: "Mwalimu, wewe andika, sisi tutasoma na kuwasomea wengine." Basi wamama zangu na mabibi, mkiona neno limekaa vibaya, mnisamehe, lakini msiache kusoma mpaka mwisho.

KWA NINI TUNALETA HABARI HII

Katika darasa letu wengi ni wamama wa zaidi ya miaka 40. Mara kwa mara kuna anayekosa kuja wiki mbili. Akirudi anasema alikuwa na malaria, au alikuwa na mgeni. Wenzake wananyamaza, kwa sababu wanajua siyo malaria.

Mama mmoja ametupa ruhusa tuandike habari yake bila jina. Ana watoto sita na wajukuu watatu. Damu yake ilianza kubadilika miaka miwili nyuma. Mwezi mmoja inakuja, miezi miwili haiji, halafu inakuja siku 10, siku 15. Safari moja ilifika siku 19. Alikuwa anatumia nguo za zamani, anazikatakata, anaziosha usiku ili majirani wasione kamba imejaa. Alianza kusikia moyo unamdunda akipanda kutoka bombani na dumu la lita 20. Mikono ikawa myeupe. Akawa anatamani udongo wa kula kila siku, yeye ambaye hakuula hata alipokuwa na mimba.

Alikwenda kutafuta matibabu. Tatizo, yeye anajua Kiswahili na Kibembe, na waliokuwa wanampokea walikuwa wanaongea Kichewa na Kiingereza. Akamchukua mtoto wake wa kiume wa miaka 14 amtafsirie. Sasa fikiri wewe mwenyewe, mama atamwambia nini mtoto wake wa kiume? Alisema tu: "Waambie tumbo linaniuma." Mtoto akatafsiri hivyo hivyo. Akapewa dawa ya maumivu, wakarudi nyumbani. Safari ya pili aliongea mwenyewe kwa ishara, akajibiwa kwamba ni umri tu, itakwisha yenyewe.

Haikuisha yenyewe. Alianguka kwenye mstari wa maji. Walipompima damu walikuta imebaki 5, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Akapelekwa kwa rufaa, akaongezewa damu, akapigwa ekografi, wakaona ana uvimbe ndani ya kizazi. Leo yupo, anaendelea na dawa, na amerudi darasani. Lakini alikaa miaka miwili akipoteza nguvu kidogo kidogo huku sisi wote tunamwona na kusema "mama fulani amezeeka haraka".

NI NINI KINATOKEA MWILINI

Mwanamke hakomi hedhi siku moja kama mtu anayezima taa. Wengi wanakoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mabadiliko ambacho mara nyingi kinachukua miaka kama minne, na kwa wengine kinafika miaka minane au zaidi. Tunasema mama amekoma kabisa pale tu anapokuwa amekaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na hakuna sababu nyingine kama mimba au dawa za uzazi wa mpango.

Kwa nini damu inavurugika katika kipindi hiki? Wamama, nyinyi mnajua kukandika nyumba. Fikirini mji wa mimba ni chumba, na kila mwezi ukuta wake wa ndani unakandikwa upya. Kuna homoni mbili zinazofanya kazi hiyo. Ya kwanza, istrojeni, ndiyo inayoleta udongo na kukandika. Ya pili, projesteroni, inakuja baadaye kulainisha na kukausha, ili ukuta ushikamane. Kama hakuna mimba, homoni zote mbili zinashuka, ule utando wa ndani unabomoka wote kwa pamoja na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi ya kawaida.

Sasa, projesteroni inakuja kwa wingi pale tu yai linapokomaa na kutoka. Mama akikaribia kukoma, kuna miezi yai halitoki. Fundi wa kulainisha hafiki. Yule wa kwanza anaendelea kukandika tu, udongo juu ya udongo, ukuta unakuwa mnene na haushikamani. Mwisho unaanza kubomoka vipande vipande, leo hapa, kesho pale. Ndiyo maana damu inachelewa, halafu ikija inakuja kwa nguvu, na haikatiki upesi.

Kwa hiyo hedhi kubadilika katika umri huu ni jambo la kawaida. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kubadilika ni kawaida. Kumwaga damu mpaka unaishiwa nguvu siyo kawaida. Umri siyo jibu la kila kitu. Mtu wa miaka 48 anaweza kuwa na mabadiliko ya umri na ugonjwa kwa pamoja.

SABABU NYINGINE AMBAZO LAZIMA ZIANGALIWE

1. Mimba. Msicheke. Mama wa miaka 46 ambaye hedhi yake inaruka bado anaweza kubeba mimba, na damu nyingi inaweza kuwa ni mimba inayotoka au mimba iliyokaa nje ya kizazi. Kwa hiyo muuguzi akikuomba mkojo apime mimba, usione amekudharau. Ni kipimo cha kwanza kwa kila mwanamke ambaye bado anaona damu.

2. Uvimbe wa kizazi, unaoitwa fibroidi. Siyo kansa. Ni uvimbe wa nyama unaoota kwenye ukuta wa mji wa mimba. Ni wa kawaida sana kwetu wanawake weusi. Utafiti uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 wanakuwa nao wanapofika miaka 50, ingawa wengi hawajui kwa sababu hausumbui. Ukiwa mahali pabaya ndio unaleta damu nyingi, tumbo zito na kukojoa mara kwa mara.

3. Vinyama vidogo ndani ya kizazi au kwenye shingo ya kizazi. Hivi navyo vinaweza kutoa damu katikati ya mwezi.

4. Dawa za uzazi wa mpango. Sindano ya miezi 3 na kijiti cha mkononi vinaweza kuvuruga damu. Kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu. Kama unatumia mojawapo, mwambie muuguzi tangu mwanzo.

5. Magonjwa ya mwili mzima, kama tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, au damu isiyoganda upesi. Pia dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

6. Kansa. Neno hili linatutisha, lakini bora tulitaje. Kuna kansa ya shingo ya kizazi na kansa ya utando wa ndani wa kizazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani walipata kansa ya shingo ya kizazi, na kama 350,000 walikufa. Malawi, nchi iliyotupokea, ni kati ya nchi zenye ugonjwa huu kwa wingi zaidi duniani. Mwanamke mwenye virusi vya ukimwi yuko kwenye hatari mara sita zaidi. Lakini kansa hii ina njia ya kuikuta mapema. Wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi, wanaangalia kama kuna mahali panageuka kuwa peupe. Kipimo kinachukua dakika chache, hakikati mtu. Na ikikutwa mapema inatibika.

DALILI AMBAZO HAZINGOJI KESHO

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona moja ya haya:

– Kitambaa au pedi inalowa yote ndani ya saa moja, na nyingine tena saa inayofuata.
– Unatoka damu na unasikia kizunguzungu, macho yanaingia giza, au umezimia.
– Moyo unadunda sana au unakosa pumzi ukiwa umekaa tu.
– Unatoka damu na huenda una mimba, au una maumivu makali ya tumbo upande mmoja.

Na usikae zaidi ya siku chache bila kwenda ukiona haya:

– Damu inapita siku 8.
– Kunatoka mabonge makubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda.
– Damu inakuja katikati ya mwezi, au inarudi kabla ya siku 24 tangu ilipoanza ile iliyopita.
– Damu inatoka baada ya kulala na mume.
– Unatoka maji yenye harufu mbaya.
– Ulishakaa mwaka mzima bila hedhi, halafu damu imerudi. Hata ikiwa tone moja tu. Kuna wamama wanaofurahi wakisema "nimerudi usichana". Hapana, mama. Damu inayorudi baada ya mwaka lazima iangaliwe. Mara nyingi haitakuwa kansa, lakini kansa ya ndani ya kizazi inajionyesha hivyo hivyo, na ndiyo nafasi ya kuiwahi.

DAFTARI YA SIKU

Hapa ndipo nataka kusema kama mwalimu. Mganga akikuuliza "damu inatoka siku ngapi?" ukajibu "nyingi", hawezi kujua. Nyingi yako na nyingi ya mwenzako si moja. Lakini namba haina ubishi, na namba haihitaji mtafsiri. Tatu ni tatu kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kinyarwanda na kwa Kichewa.

Katika darasa letu tumeanza zoezi. Kila mama ana karatasi moja nyuma ya daftari. Anaandika tarehe damu inapoanza, na kila siku anachora kistari kimoja kwa kila kitambaa alichobadilisha kikiwa kimelowa. Kukiwa na bonge anaweka nukta. Siku ikikatika anapiga mstari chini. Mfano:

Tarehe 3: vistari vinne
Tarehe 4: vistari saba, nukta mbili
Tarehe 5: vistari nane, nukta tatu
... na kuendelea mpaka tarehe 14, kistari kimoja. Mstari chini. Jumla: siku 12.

Karatasi ya namna hii ya miezi miwili au mitatu inamwonyesha mganga kwa dakika moja kile ambacho mama angeshindwa kukisema kwa saa nzima. Na mtoto wa kiume hana haja ya kuingia ndani. Mama ambaye hajajua kuandika naye anaweza, vistari havihitaji shule. Lakini kusema kweli, wamama kadhaa wamejifunza kuandika tarehe haraka zaidi kwa sababu ya karatasi hii kuliko kwa sababu ya kitabu changu.

Pia tumefundishana maneno machache ya Kichewa ya kusema mwenyewe. Yashike kichwani:

Magazi – damu.
Msambo – hedhi.
Ndikutaya magazi ambiri – ninapoteza damu nyingi.
Ndikumva chizungulire – nasikia kizunguzungu.

Kama unahitaji mtafsiri, tafuta mwanamke mwenzako unayemwamini, siyo mtoto. Mtoto anatafsiri kile anachoelewa tu, na mama anasema kile kisichomtia aibu tu. Hapo katikati ugonjwa unapita.

VIPIMO NA MATIBABU

Ukifika, omba wakupime wingi wa damu. Ni tone la kidoleni. Watakuuliza maswali, watapima mimba, wataangalia tumbo na njia ya uzazi. Ikibidi watakuandikia ekografi, ile picha ya tumbo, na huenda ikawa ni rufaa ya kwenda Dowa au Lilongwe. Kama una zaidi ya miaka 45 na damu haikatiki, wanaweza kuchukua kipande kidogo cha utando wa ndani ya kizazi kupeleka maabara. Kinauma kama tumbo la hedhi, kwa muda mfupi.

Matibabu yanategemea sababu. Haya ndiyo yanayotumika zaidi:

Vidonge vya maumivu aina ya ibuprofeni vinapunguza damu kidogo pamoja na maumivu. Vinywe baada ya kula, na siyo kwa mwenye vidonda vya tumbo. Aspirini usitumie kwa kazi hii, inafanya damu izidi kutoka.

Kuna dawa inaitwa asidi ya traneksamiki. Inasaidia damu kuganda pale inapovuja, na inaweza kupunguza damu ya hedhi karibu nusu. Inanywewa zile siku za damu tu, siku 4 au 5, kwa maelekezo ya mganga, na haipewi mtu aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa. Dawa hii iligunduliwa Japani mwaka 1962 na daktari mwanamke, Utako Okamoto, akishirikiana na mume wake. Yeye alitafuta dawa ya kuzuia wamama kufa kwa kutoka damu baada ya kuzaa, na leo inatumika dunia nzima.

Kuna vidonge vya homoni, vile vinavyofanya kazi ya yule fundi wa kulainisha aliyekosekana. Kuna pia kitanzi chenye homoni, ambacho kinapunguza damu sana, ila hakipatikani kila mahali. Vidonge vya uzazi wa mpango vya aina mbili za homoni siyo kwa mama mwenye presha au anayevuta sigara katika umri huu. Kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani. Jirani siyo mganga, na presha yake siyo yako.

Uvimbe mkubwa unaweza kutolewa kwa upasuaji, na wakati mwingine kizazi chote kinatolewa. Wamama wengi wanaogopa hapo, eti mwanamke bila kizazi siyo mwanamke, eti mume atamwacha. Mwanamke aliyetolewa kizazi haoni hedhi tena na hazai tena, basi. Anaendelea kuishi na mume wake, anaendelea kulima, anaendelea kuwa mama.

Mwisho, dawa za kuingiza ukeni, majani, unga na vingine vinavyouzwa sokoni kwa kusema "vinakausha". Naomba muache. Vinachoma, vinaleta vidonda, na vinachelewesha ugonjwa kujulikana.

KURUDISHA DAMU MWILINI

Mama aliyepoteza damu kwa muda mrefu anahitaji madini ya chuma. Vidonge vya chuma vinafanya choo kuwa cheusi na kigumu. Usiogope, kunywa maji mengi, usiache dawa. Vinywe kwa miezi kadhaa kama ulivyoelekezwa, hata ukishajisikia vizuri. Vifungie mbali na watoto, kwa sababu mtoto akila vingi vinaweza kumuua.

Kwa upande wa chakula, tunacho hapa hapa. Maharage, sombe, lengalenga ambazo hapa wanaziita bonongwe, ndagala au usipa, na nyama au maini siku ikipatikana. Kamulia limao, au kula pera au embe pamoja na chakula, vinasaidia mwili kushika chuma. Chai usinywe pamoja na chakula, ngoja saa moja au mbili, kwa sababu inazuia chuma kuingia. Na udongo usile. Tamaa ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, lakini udongo hauongezi damu, unaweza kukuletea minyoo ambayo nayo inanyonya damu. Tukumbuke pia malaria inapunguza damu, kwa hiyo mama huyu alale ndani ya chandarua.

NENO KWA WABABA

Wababa, msigeuze ukurasa. Mke wako akitokwa damu siku 15, hajarogwa na hajafanya uzinzi. Hajakukataa kitandani kwa dharau. Mwili wake ni mgonjwa. Kuna ndoa hapa kambini zimevunjika kwa jambo ambalo karatasi ya vistari na vidonge vingeweza kulitengeneza.

Kazi yako ni rahisi kuitaja. Beba wewe maji, au watoto wa kiume wabebe. Tafuta sabuni. Akisema anasikia kizunguzungu, msindikize kituoni, kaa nje, ngoja. Ikija rufaa ya kwenda Dowa, usiseme "tutaona wiki ijayo".

Nao viongozi wa dini tunawaomba wasaidie. Mama anayetoka damu siku nyingi ni mgonjwa, siyo mchafu, asifukuzwe kwenye kiti chake. Kwa ndugu Waislamu, mnajua kwamba katika madhehebu ya Shafi damu ikipita siku 15 haihesabiwi tena kuwa hedhi, inaitwa istihadha, na mwanamke anaswali. Basi waulizeni mashehe wawaeleze wamama waziwazi, wasijifungie ndani mwezi mzima.

NENO KWA WANAOANDIKA ORODHA

Katika takwimu za kimataifa, mwanamke wa umri wa kuzaa huhesabiwa kuanzia miaka 15 mpaka 49. Orodha ya kugawa vitambaa na sabuni ikifuata hesabu hiyo, mama wa miaka 51 anaachwa nje, wakati huenda yeye ndiye anatumia vitambaa vinane kwa siku. Tena wengi wetu tulikimbia bila karatasi. Umri ulikadiriwa mezani, tukaandikiwa sote kuzaliwa tarehe 1 Januari. Mama ambaye kadi yake inasema 52 anaweza kuwa na 46. Tunaomba kwa heshima: pale mnapogawa, mwulizeni mama kama bado anaona damu, msiangalie kadi peke yake.

MASWALI YALIYOULIZWA DARASANI

Damu ikikaa siku nyingi si inasafisha tumbo?
Hapana. Tumbo halina uchafu wa kusafishwa kwa damu. Ile ni damu yako nzuri inayopotea.

Nimekosa hedhi miezi mitano, naweza kuacha uzazi wa mpango?
Bado. Kama una zaidi ya miaka 50, ngoja mwaka mmoja kamili bila damu. Kama hujafika 50, ngoja miaka miwili. Na kama unatumia njia inayozuia hedhi yenyewe, uliza muuguzi kwanza.

Joto la ghafla usiku na jasho, ni malaria?
Inaweza kuwa malaria, kapime. Ikiwa hakuna malaria, katika umri huu joto la ghafla na jasho la usiku mara nyingi ni dalili za kukoma hedhi. Haziui, lakini zikikukosesha usingizi mweleze mganga.

Binti yangu ana miaka 12, afanye nini asije akapata kansa ya kizazi?
Kuna chanjo dhidi ya virusi vinavyoleta kansa hiyo. Malawi ilianza kuitoa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2019. Uliza shuleni au kituo cha afya siku za chanjo.

Wamama zangu, hedhi itakoma kwa kila mmoja, kwa wakati wake. Hakuna dawa ya kuzuia hilo wala haihitajiki. Kinachohitajika ni kufika huko ukiwa na damu ya kutosha mwilini kukaa na wajukuu. Leo jioni chukua karatasi, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho kama unaikumbuka. Kama huikumbuki, anza na itakayokuja. Na ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili. Kama hajui kusoma, msomee, ila muingie ndani kwanza.

Mpaka mwezi ujao, tubaki wazima.

Mtoto wenu, mwalimu wa masomo ya watu wazima